Sura ya Tano: Sponji Nyeupe

Wijdan, binti wa Bwana Turki, alipofungua mlango wa nyumba yao ya Raskazone, alinong'ona maneno mawili tu: "Hakufanya, dada."

"Nimekuja kutazama hilohilo," alijibu Inspekta Sabra Masoud. Akavua viatu kizingitini, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kioo cha tangi la samaki kabla ya kukaribishwa kitini. Konstebo Anold alimfuata nyuma, ameukumbatia mkoba wa ngozi wa mtuhumiwa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga asiye wake.

Tangi lilichukua ukuta mzima wa sebule, na aliyelijenga alikuwa na jicho la ufundi. Mawe ya matumbawe yalipangwa ngazi juu ya ngazi, yakaachiwa mapango na vichochoro baina yake, hata mtu angedhani magofu ya Tongoni yamezamishwa na bado yana wakazi. Chini kulitandazwa mchanga mweupe. Katika mitaa hiyo ya mawe walikuwamo samaki wa Ziwa Nyasa: wa manjano kama ndimu iliyoiva, wa buluu wenye mistari myeusi iliyonyooka kama iliyopigwa kwa rula, na mmoja wa rangi ya chungwa aliyekuwa na mabaka kama matone ya wino juu ya karatasi iliyolowa. Sabra alizaliwa pwani, akala samaki umri wake wote. Hakupata kudhani kwamba ziwa la bara lingeweza kuishinda bahari kwa mapambo. Alimsabihi Muumba wao kimoyomoyo, kisha akarudi kwenye kazi iliyomleta.

Maana uzuri ule ulikuwa unakufa. Waliobaki hawakuzidi vidole vya mikono miwili. Walikuwa juu, midomo wameielekeza hewani, wanatweta.

"Unawatazama nini, Inspekta?" Bwana Turki aliuliza akiingia, kanzu yake imenyooshwa pasi hata mikunjo ilikata. "Waliokufa wako jikoni, ndani ya friza. Nimeambiwa nisitupe ushahidi."

"Nawatazama walio hai, Bwana Turki."

"Kwetu Muheza, afande," Anold alisema kwa sauti ya chini, "samaki akishakufa tunauliza ndimu iko wapi."

"Na kwenu Muheza konstebo akisema sana hupewa zamu ya lango. Shika mkoba."

Sabra alichutama. Juu ya jiwe, konokono mdogo mweusi alikuwa akipanda bila haraka. Wa pili alikuwa kwenye kioo, wa tatu mchangani.

"Hawa walitoka wapi?"

"Walikuja na mawe. Abdulghani alisema wanaokoteza mabaki."

"Amekufa hata mmoja?"

"Nani anayeangalia konokono, Inspekta? Mimi nimeharibiwa mali, wewe unaniuliza habari za konokono!"

"Kwa sababu sijapata kusikia sumu ya kumwaga inayomwua samaki ikamsamehe konokono. Haya, nieleze upya. Nimeyasoma maandishi ya jana. Leo nataka kuyasikia."

Turki alikaa kitako akasimulia, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyependa kitu kweli. Mwaka huu, alisema, alimwita Abdulghani wa Mabawa amtengenezee tangi la samaki wa ziwani. Kijana akalijenga, akalijaza maji, akaweka mawe, akawasha mashine, kisha akakataa kutia samaki. Wiki zikapita. Wageni wakaja kumcheka mwenyeji: Turki amefuga maji! Kila alipomuuliza, jibu lilikuwa moja, kwamba maji hayajakomaa. Mwisho akawaleta samaki, na tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeingia sebuleni akakumbuka alichojia.

"Basi ulikuwa umeridhika naye."

"Niliridhika mpaka alipoleta posa ya binti yangu." Turki aliutazama mlango alikotokea Wijdan. "Mama yangu aliikataa. Alisema hatuwezi kumpa mtoto wetu mtu anayeshinda mikono yake ndani ya uchafu wa samaki. Jumatano ikawa hivyo. Alhamisi akaja kukabidhi funguo. Nilimwona kwa macho yangu haya, amebadilisha maji, kisha akamimina kitu cha buluu kutoka katika kichupa. Na pale mlangoni akanitolea kauli, jirani zangu wote wakaisikia: 'Mtaona wenyewe kama wataishi bila mimi.' Jumapili wakaanza kuelea. Je, hiyo si bayana?"

"Ni kauli ya mtu aliyekasirika. Alhamisi mpaka Jumapili. Sumu yenye subira hiyo." Sabra aliinuka. "Na maji haya, yalikuwa na rangi hii tangu mwanzo?"

Turki alisogea. Maji yalikuwa na umanjano mwepesi, kama ya glasi iliyotiwa tone la asali.

"La. Yalikuwa kama hayapo. Ndiyo maana nasema, ametia kitu!"

Sabra alifunua kifuniko cha mbao. Pembeni, ubao mkavu ulikuwa na doa la rangi ya machungwa, dogo kuliko ukucha. Aliligusa kwa kidole kilicholowa, akakinusa. Kisha akakifuta kidole chake kwa leso nyeupe na kuikunja leso mfukoni, wala hakumwambia mtu alichonusa.

"Hili sanduku la nyuma ni la nini?"

"Ndiko maji yanakopita yakachujwa. Kuna sponji ndani."

"Nifungulie."

Turki alifungua. Sponji tatu zilikaa mfululizo, maji yakizipitia, na zote tatu zilikuwa nyeupe kama kofia ya Idi.

"Zimebadilishwa?"

"Sijui. Kazi hiyo hainihusu."

"Safi sana," alisema Sabra, kwa sauti iliyopita kiasi kidogo. "Tangi la miezi yote hii, na sponji nyeupe namna hii."

Nyuma ya pazia la chumba cha pili kulikuwa na mlio mdogo uliokuwa ukienda tangu walipoingia, tik, tik, tik, wa shanga za tasbihi zikiangushwa moja moja. Mlio huo ulikatika. Sabra alilitazama pazia, kisha akamtazama Turki, ambaye hakusikia kitu.

"Sheria inanitaka kesho asubuhi nimfikishe Abdulghani mahakamani au nimwachie," alisema. "Nitarudi leo."

Kituoni, Abdulghani aliletwa katika chumba cha mahojiano akiwa na shati lililokunjamana na shingo iliyonyooka. Alikuwa kijana mrefu, mwenye shahada ya uvuvi, na hakuna aliyekaa naye kwa nusu saa asijue kwamba anayo.

"Afande, nimekwisha kusema. Kile kichupa cha buluu ni dawa ya kuondoa klorini ya bomba. Kipelekeni kwa mkemia."

"Kimepelekwa. Majibu yatakuja baada ya wiki, na hakimu ni wa kesho. Kwa hiyo nisaidie mimi ambaye si mkemia. Ulilianzaje tangi la Bwana Turki?"

"Unataka kujua kweli, au unanipotezea muda?"

"Muda ulionao ni wangu, Abdulghani. Anza."

Akaanza kwa kiburi. Lakini kadiri alivyoendelea kiburi kilimtoka, yakabaki mapenzi. Maji ya bomba la Tanga, alisema, yanashuka na mto Zigi kutoka misitu ya Amani, na ni laini. Samaki wa Nyasa hutaka maji yenye chokaa. Kwa hiyo alitandaza mchanga wa matumbawe na kupanga mawe ya matumbawe, maji yakaramba chokaa taratibu mpaka yakawapendeza. Mapango aliyafanya mengi, kwa sababu samaki hawa ni wagomvi kuliko wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja hutaka mlango wake. Na akawatia wengi kwa pamoja, ili mbabe asipate mmoja wa kumwonea. Mbabe mwenye maadui kumi huchoka. Chakula chao ni majani: aliwasagia mwani uliokaushwa, akawaepusha na nyama, kwa kuwa nyama huwavimbisha matumbo wakafa.

"Na zile wiki za kufuga maji?"

Abdulghani alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alipokamatwa. "Walinicheka wote. Nilitia kipande cha kamba wa baharini ndani ya soksi, kikaoza humo. Samaki anapojisaidia, afande, na chakula kinapooza, maji huzaa sumu inayoitwa amonia. Katika maji ya chokaa huwa kali zaidi. Mwenyezi Mungu ameumba viumbe wadogo wasioonekana, wanaila sumu hiyo na kuigeuza kitu kisicho na madhara makubwa, kisha mimi nakipunguza kila wiki kwa kubadilisha maji. Viumbe hao hawanunuliwi ukawaona wakifanya kazi siku hiyohiyo. Huwaandalia makazi, ukawalisha, ukangoja wazaane. Mtu asiyengoja huua samaki wake wa kwanza wote, akalaumu muuzaji."

"Makazi yao ni wapi?"

"Kwenye sponji. Sponji ndiyo figo la tangi. Ile rangi ya kahawia unayoiona, kama ukwaju uliorowekwa, ndiyo wao wenyewe na kazi yao. Huikamua mara mojamoja ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Bombani haipelekwi abadan."

Sabra aliiweka kalamu mezani. "Nimeziona leo mchana. Nyeupe."

"Nyeupe vipi?"

"Kama kofia ya Idi."

Kijana alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Anold naye akasimama. Lakini Abdulghani hakuwa akiutazama mlango wala pingu.

"Wamebaki wangapi? Yule jike wa buluu yupo? Mwenye taya nene, anayejificha chini ya jiwe la kushoto?"

"Kwa nini umuulizie yeye?"

"Amebeba mayai kinywani, afande! Ndivyo wanavyolea. Huyaokota mayai akayafumbata mdomoni, hali chakula mpaka watoto watoke wakiogelea. Nimemwacha hajamaliza. Kama sponji zimeoshwa, wanakunywa sumu yao wenyewe sasa hivi tunapozungumza. Ndani ya mkoba wangu mna kipimo. Pimeni! Maji yakibaki manjano nifungeni. Yakiwa kijani, nendeni kwetu Mabawa, nina tangi langu barazani. Chukueni sponji moja iliyokomaa muitie mle kabla hawajaisha."

Sabra alimtazama. Alikwisha kuona watu wengi wakilia mbele yake, na wengi wao walikuwa wakisema uongo. Uadilifu haujengwi juu ya uso wa mtu. Lakini mwenye kuua kwa makusudi hujua walivyokufa, na huyu alikuwa akiuliza.

"Mkemia ni wa wiki zijazo," alimwambia Anold. "Kipimo ni cha leo. Mfunge pingu, tunakwenda naye."

Walipitia Mabawa. Mama yake Abdulghani, Bi Kijakazi, alikuwa ndani, madirisha ya mbele amefunga mchana kweupe. Alimkuta Sabra mlangoni, akamwona mwanawe garini na pingu zake, akauma ncha ya mtandio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tangu jana sijatoka hata dukani, mwanangu. Wanayoyasema watu nayasikia humuhumu ndani. Mmekuja kuchukua nini tena?"

"Sponji moja ya tangi lake, mama, ndani ya ndoo ya maji yaleyale."

Bi Kijakazi alimtazama kuona kama anadhihakiwa. Kisha akaenda barazani, akarudi na ndoo, na juu yake ameweka kifuniko, kama watu wanavyopeleka chakula kwa mfungwa.

Turki alipomwona Abdulghani kizingitini kwake, uso ulimbadilika. "Mmeniletea huyu nyumbani?"

"Nimemleta mwenye vipimo, Bwana Turki. Utakaa, utatazama, na kazi ya mkono nitaifanya mimi." Sabra alifungua mkoba. Alitoa vichupa viwili vya dawa na vibomba viwili vidogo vya kioo. "Yakibaki manjano ni salama. Yakigeuka kijani, yana sumu ya kinyesi chao."

Anold aliinama kwenye tangi. "Afande, yatabakije manjano na maji yenyewe ni manjano?"

"Swali zuri. Ndiyo maana vibomba ni viwili. Kimoja kijaze maji ya bomba ya jikoni, uyatie tone la chai ya rangi mpaka yafanane na haya."

Anold akavijaza; Sabra akadondosha dawa, akavitikisa, akaviweka juu ya karatasi nyeupe. Kibomba cha maji ya jikoni kilibaki manjano. Cha tangi kilianza kama majani machanga ya mpunga, kikaendelea kuiva, kikaishia kijani cha kisamvu kilichopikwa.

"Nilisema!" Turki aliruka. "Sumu!"

"Ni sumu, ila haikutoka kwenye kichupa cha mtu. Wameizalisha wenyewe, kama walivyoizalisha kila siku tangu walipofika. Ni kwamba wale waliokuwa wakiila wameondolewa. Ndiyo sababu hawakufa Alhamisi, wakafa Jumapili. Ndiyo sababu konokono bado anatembea. Abdulghani alizuiwa kuingia humu tangu Alhamisi. Basi swali langu ni moja: nani aliyeosha sponji?"

Tasbihi nyuma ya pazia haikusikika.

Sabra aliligeukia pazia kwa adabu. "Hodi, Bi Fakhria."

"Karibu, mwanangu."

Bi Fakhria, mama yake Turki, alikaa juu ya mkeka wa sala, mwili mdogo, macho makali. Kando yake, juu ya kijimeza, palikuwa na sahani nyeupe ya kauri iliyopinduliwa, kalamu ya mwanzi na kikombe cha kahawa chenye alama ya rangi ya machungwa chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Sabra alikaa chini mbele yake, akaikunjua leso mfukoni mwake. "Marehemu bibi yangu pia alikuwa akiandika kombe, aya kwa aya juu ya sahani kama hii. Nimelijua kwa harufu, marashi ya waridi na zafarani. Hii zafarani ni njema, bibi. Siku hizi wengi hutia rangi ya pilau."

Mkono wa Bi Fakhria ulikaza tasbihi. Kisha ukalegea.

"Rangi ya pilau huandikii maneno ya Mwenyezi Mungu," alisema. "Ndiyo, ni langu. Nimeliandika Ijumaa baada ya sala, kwa mkono wangu, nikaliosha kwa marashi nikawatilia. Yule samaki wa buluu aliacha kula. Taya limemvimba, anajificha, wenzake wanakula yeye anatazama. Na Jumanne walikuja wageni wakamsifu wee, hata mmoja hakusema mashaallah. Nikajua ni jicho. Mtu humsomea mtoto, humsomea ng'ombe wake. Yeye kiumbe wa Mungu pia."

"Na sponji, bibi?"

"Sasa wewe mwanamke wa Kiislamu unaniuliza hivyo? Utatia kombe ndani ya uchafu? Nilifungua lile sanduku nikaona tope la vinyesi vya samaki limejaa. Nikasema, astaghfirullah, aya hazikai hapa. Nikazitoa, nikazikosha bombani mpaka maji yakatoka meupe, nikazimwagia maji ya moto, nikazikausha, nikazirudisha. Ndipo nikatia kombe. Hakuna mtu aliyenisaidia. Nilitaka thawabu yake iwe yangu."

"Mama!" Turki alikuwa amesimama penye pazia. "Mtu amelala rumande! Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?" Bi Fakhria alimgeukia. "Umeingia nyumbani unapiga kelele sumu, sumu. Mimi sumu sikutia. Nimetia dua. Ningejuaje kama usafi unaua? Leo mwanamke huyu aliposema sponji nyeupe, ndipo moyo uliponipiga." Akamrudia Sabra, na sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ya mtu mzee. "Niambie kweli, usinifiche. Ni kombe langu lililowaua?"

Sabra angeweza kujibu. Lakini alijua kwamba neno lake lingekuwa neno la polisi, na bibi angeliweka kando. Alimtazama Abdulghani aliyesimama sebuleni na pingu mikononi. Huyu ndiye aliyekataliwa kwa ajili ya uchafu, akafungwa kwa ajili ya usafi. Akitaka kisasi, kisasi kilikuwa hapo, cha neno moja, na kingemfuata yule mzee mpaka kaburini.

"Hapana, bibi," alisema Abdulghani. "Zafarani kidogo na marashi, katika maji mengi yale, haimdhuru samaki. Kombe halikuua hata mmoja. Lile tope ulilolikosha lilikuwa na viumbe hai waliokuwa wakiwasafishia maji. Nami nilipoulizwa habari zake nilijisifu tu, maji hayajakomaa, maji yamekomaa. Sikumkalisha mtu wa nyumba hii nikamweleza. Na yule wa buluu hakuwa mgonjwa. Ana watoto kinywani. Hali mpaka awatoe."

"Amefunga," alisema Bi Fakhria.

"Amefunga, bibi."

"Subhanallah. Na mimi nikamdhania jicho." Alijiinua kwa kushika ukuta. "Yu hai?"

Wakasogea wote kwenye kioo. Chini ya jiwe la kushoto, ndani ya pango lenye giza, mapezi mawili ya buluu yalikuwa yakipepea polepole, na taya lilikuwa bado limefumbwa.

Sabra alitoa ufunguo, akamfungua Abdulghani pingu. "Bwana Turki, hapa hapana kosa la jinai. Hakuna aliyekusudia kuharibu. Naomba kesho uje kituoni uyaondoe malalamiko yako kwa maandishi, na yale uliyoyasema mbele ya jirani uyaondoe mbele ya jirani."

Turki aliinamisha kichwa. "Nitayaondoa leo."

"Leo utabeba ndoo," alisema Abdulghani akikunja mikono ya shati. Kiburi chake kilikuwa kimerudi, na safari hii hakuna aliyekichukia. "Nusu ya maji yatoke sasa hivi. Afande, nipe kichupa kingine cha buluu humo mkobani. Bwana Turki, ndoo mbili mbili, usimwage sakafuni."

Mlalamikaji akabeba ndoo kwa amri ya mtuhumiwa, kanzu amekunja mpaka magotini, na Konstebo Anold akatangulia kumfungulia milango, akisema kila alipopita, "Pole, mzee, pole," kwa uso usio na chembe ya pole. Maji mapya yaliyotiwa dawa yakaingia taratibu juu ya mawe. Samaki wa chungwa mwenye mabaka alikuwa wa kwanza kushuka kutoka juu. Akarudi kwenye pango lake, akamfukuza jirani yake mlangoni.

"Huyo amepona," alisema Abdulghani.

Kisha akafunua ndoo ya Mabawa. Sponji aliyoitoa ilikuwa ya kahawia iliyokolea, nzito, ikichuruzika maji kama matope ya mikoko, na harufu yake ikaenea sebule nzima. Turki alirudi nyuma hatua moja kuinusuru kanzu iliyobaki.

"Nahitaji mtu aishike juu ya sanduku wakati naziondoa hizi nyeupe," alisema Abdulghani. "Isikauke."

Anold alisogea. Bi Fakhria akamtangulia. Alikuwa amekwisha pandisha mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, na viganja vyake amevinyoosha pamoja, kama mtu anayepokea.

"Lete."

Kijana alisita. "Itakuchafua, bibi."

"Umesema wewe mwenyewe kwamba si uchafu. Lete, mwanangu."

Akamwekea viganjani. Maji ya kahawia yalimtiririka bibi baina ya vidole, yakamfuata mpaka kwenye viwiko, yakadondoka ndani ya sanduku. Alishika bila kukunja uso, midomo ikisogea kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, mpaka Abdulghani alipomwambia akamue kidogo; naye akakamua, wingu la kahawia likaingia majini, likapita kwenye mawe, likatawanyika. Sponji ikakaa mahali pake.

Sabra alimtikisia kichwa Anold. Konstebo akaufunga ule mkoba wa ngozi, akamkabidhi mwenyewe.

"Mamako yuko nyumbani leo?" Bi Fakhria aliuliza, macho yake yakiwa bado kwenye jiwe la kushoto.

"Yuko, bibi. Tangu jana hatoki."

"Mwambie asitoke. Kabla ya Alasiri nina mguu wa kuja kwake, kuna jambo nililikataa kwa maneno mabaya." Nyuma yao, penye mlango, Wijdan alijifunika uso kwa mtandio, na hakuna aliyeona kama analia au anacheka.

Turki alimletea mama yake taulo na beseni la maji. "Nawa mikono, Mama."

Bi Fakhria aliitazama mikono yake, iliyokuwa ya kahawia mpaka kwenye viwiko, akaitazama kama mtu anayelinganisha na kitu alichowahi kukisema.

"Nitanawa kwa udhu wa Alasiri," alisema, "tena kwa Bi Kijakazi, kwa maji ya mtungi wake. Haya, nitafutie gari."